Shafti moja, beringi kibao: jinsi turbo ya umeme ilivyowatesa Honda

Wiki iliyopita nilikuwa gereji moja pale Ilala, fundi ninayemwaminia sana kwenye mambo ya turbo alikuwa ameshusha turbo ya pikapu ya dizeli kaiweka juu ya gunia, akaniita njoo ushike hapa. Nikashika kile kifeni cha upande wa hewa kwa vidole viwili, nikakitikisa juu chini, kikacheza. Kidogo mno, hata unene wa kucha haufiki, ila kwa vidole unausikia kabisa.

"Umesikia hiyo mdogo wangu? Hapo beringi zishakwisha. Ndo maana ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu."

Nikamuuliza kwani inazunguka spidi gani hii. Akanambia laki inapita, kwa dakika. Na ni kweli, turbo ndogo za gari za kawaida zinapita laki moja kwa dakika bila shida, na kinachoishikilia ile shafti isiguse ukuta ni filamu nyembamba ya oili tu, chuma hakigusani na chuma. Oili ikichelewa, ikichafuka au ikipungua presha, mchezo umekwisha. Hiyo ni turbo ya kawaida kabisa, vifeni viwili kwenye shafti moja, haina waya hata mmoja. Na bado inakufa.

Sasa nikawa nawaza, vipi ukichukua hiyohiyo shafti, uirefushe, katikati yake upachike mota ya umeme yenye sumaku, halafu uipeleke mizunguko 125,000 kwa dakika kwenye gari inayoruka juu ya matuta ya pembeni ya kona kwa masaa mawili. Kuna watu walifanya hivo, na kisa chao nakijua vizuri kwa sababu nilikifuatilia mwaka hadi mwaka, ni Honda na injini yao ya Formula 1 kuanzia 2015. Naona watu wengi wanasifia turbo za umeme zinazokuja kwenye gari za barabarani, na mimi nazipenda, lakini kabla hujasifia nataka uone zilikotoka na zilimgharimu nani.

Tuanze na kwa nini mtu aweke umeme kwenye turbo. Panda mlima Kitonga nyuma ya semi iliyobeba mzigo. Unasubiri nafasi, nafasi inapatikana, unashusha gia unakanyaga, gari inakaa kimya. Sekunde moja, moja na nusu, halafu ndo inakusukuma. Pale katikati turbo inasubiri moshi wa kutosha uje uizungushe, moshi unasubiri injini ichome mafuta ya kutosha, na injini inasubiri hewa kutoka kwenye turbo. Wanasubiriana wote watatu na semi iko mbele yako inapumua. Mota ya umeme inakata huo mzunguko, wewe ukikanyaga tu mota inaizungusha turbo bila kusubiri moshi, hewa inafika kwenye silinda saa hiyohiyo.

Formula 1 walipobadilisha sheria mwaka 2014, zile V8 za lita 2.4 zikaondoka zikaja V6 (silinda sita zilizopangwa kama herufi V) za lita 1.6 zenye turbo moja, kila gari ikapewa kilo 100 tu za petroli kwa mbio nzima na petroli inayoingia kwenye injini isizidi kasi ya kilo 100 kwa saa. Yaani ushindi ukawa ni nani anakamua kazi nyingi zaidi kutoka tone moja la mafuta. Na pembeni ya injini wakaweka mota mbili. Ya kwanza imeungana na krenki, MGU-K, hiyo ina kilowati 120, inasukuma gari na ukifunga breki inavuna umeme, mtu yeyote aliyewahi kupanda haibridi anaielewa. Ya pili ndo yenyewe, MGU-H, inakaa kwenye shafti ya turbo, katikati ya kifeni cha moshi na kifeni cha hewa.

Hii ya pili ilikuwa na kazi mbili na ndo uzuri wake. Dereva akikanyaga, inaisukuma turbo isichelewe. Turbo ikishafika spidi na moshi umezidi, badala ya kufungua kale kamlango ka wesigeti na kuumwaga huo moshi nje, MGU-H inageuka jenereta, inaibana turbo isipite kasi na wakati huohuo inatoa umeme. Nguvu ambayo kwenye pikapu yako inapotelea hewani, wao wanaiokota. Halafu sheria ikasema umeme kutoka betri kwenda MGU-K una kikomo, megajuli 4 kwa mzunguko mmoja wa kiwanja, lakini umeme unaotoka MGU-H kwenda moja kwa moja MGU-K hauna kikomo. Soma hapo tena. Hauna kikomo. Kwa hiyo mwenye MGU-H nzuri ana kilowati 120 za ziada karibu muda wote kwenye njia iliyonyooka, na mwenye mbovu zinamuishia katikati ya njia anabaki anatazama wenzake wanapita.

Mercedes waliielewa hii mapema kuliko wote. Kompresa, yaani kile kifeni cha hewa, wakaiweka mbele ya injini, kifeni cha moshi nyuma, shafti ndefu ikapita katikati ya V na MGU-H ikakaa humo. Hewa ikabaki mbali na joto. Mwaka 2014 wakashinda mbio 16 kati ya 19. Na mwaka 2017 wakatangaza kuwa injini yao kwenye mashine ya kupimia imevuka asilimia 50, maana yake zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo kwenye petroli imegeuka kazi, wakati gari nyingi za petroli tunazoendesha zinacheza kwenye theluthi hivi. Mimi nikiangalia hiyo namba naheshimu sana, ni moja ya mashine nzuri kuliko zote ambazo binadamu amewahi kuunganisha, na kila nitakachosema hapa chini nasema huku naipenda.

Honda walitangaza Mei 2013 kwamba wanarudi na McLaren kuanzia 2015. Hili jina lina uzito, McLaren na Honda mwaka 1988 walikuwa na Ayrton Senna na Alain Prost wakashinda mbio 15 kati ya 16. Watu wakategemea marudio. Lakini wenzao walikuwa wameshaihangaikia MGU-H miaka mingi kwenye michoro, na wao walianza wamechelewa, na juu yake wakakubaliana na McLaren kuwa sehemu ya nyuma ya gari iwe nyembamba kabisa, waliita saizi ziro. Ili ibanike, kompresa ikabidi iwe ndogo iingie ndani ya V ya injini. Sasa hapo ndo mlolongo ulipoanzia, naomba uufuate taratibu kwa sababu kisa chote kimelala hapa. Kompresa ndogo lazima izunguke kasi zaidi ili itoe hewa ileile. Kifeni cha moshi nacho kimebanwa, kwa hiyo hakivuni vya kutosha. MGU-H inapata kidogo, umeme unakuwa mdogo, MGU-K inaishiwa katikati ya njia. Vitu vimesongamana, joto halina pa kutokea. Uamuzi mmoja wa umbo la bodi, mtu kauchora kwa nia njema ili upepo upite vizuri nyuma, umeenda kuua nguvu ya injini kupitia vituo vitano vya njiani.

Majaribio ya kwanza Jerez, siku 4, gari ikapiga mizunguko 79 tu ya kiwanja. Mbio ya kwanza Australia, dereva wa McLaren Kevin Magnussen injini ikamfia akiwa anaelekea kwenye mstari wa kuanzia, hata mbio hazijaanza. Mwenzake Jenson Button akamaliza wa mwisho. Ubelgiji mwezi Agosti walibadilisha vipuri vingi mpaka adhabu za kurudishwa nyuma kwa gari zote mbili zikafika nafasi 105, kwenye mstari wenye gari 20. Halafu ikaja Suzuka, nyumbani kwa Honda kabisa, wakubwa wa kampuni wamekaa jukwaani, na Fernando Alonso anapitwa kwenye njia iliyonyooka kama amesimama, akapiga kelele kwenye redio kwamba hii ni injini ya GP2, yaani ya daraja la chini. Dunia nzima ikasikia. Mimi nilimuelewa Alonso lakini niliwaonea huruma wale wahandisi, maana dereva alikuwa anasikia umeme umeisha na wao walijua kwa nini umeisha na hawakuwa na ruhusa ya kurekebisha, sheria za wakati ule zilikuwa zinazuia kubadilisha injini ovyo katikati ya msimu, ulikuwa unapewa tokeni za kuhesabu. Mwaka ukaisha na pointi 27, timu ya 9 kati ya 10.

2016 wakapanua kidogo, ikawa afadhali, pointi 76 na nafasi ya 6. Watu wakasema sasa wamepata dawa.

2017 wakavunja kila kitu wakaanza upya, wakafuata mpangilio wa Mercedes, kompresa mbele, kifeni cha moshi nyuma, shafti ndefu katikati. Kwenye karatasi ilikuwa sahihi na baadaye ilithibitika kuwa ni sahihi. Lakini kwenye majaribio ya Barcelona siku ya kwanza tu tangi la oili likawa na shida, na Honda wenyewe wakaeleza kwamba ile shida kwenye mashine ya kupimia kiwandani Sakura haikuonekana, maana mashine ya kupimia injini imesimama, haipindi kona. Oili kwenye kona ya kweli inakimbilia pembeni, kule kiwandani inakaa imetulia kama chai kwenye kikombe. Mtetemo nao hivohivo, kwenye mashine hakuna gia inayobadilishwa chini ya mzigo wa matairi halisi, hakuna kuruka juu ya ukingo wa kona. Gari ikaingia barabarani injini ikatetemeka kuliko walivyotarajia.

Na mtetemo ukienda kwenye shafti ndefu ya turbo ndo unafika kwenye beringi. Bahrain, Aprili 2017, MGU-H zikaanza kufa moja baada ya nyingine, chanzo kikatajwa kuwa beringi, na dereva wao Stoffel Vandoorne hakuweza hata kuanza mbio.

Hapa nataka nikae kidogo maana watu wakisikia beringi wanaona ni kitu kidogo cha kununua kwenye maduka ya Gerezani pale Dar unabadilisha unaondoka. Chukua ufito mrefu mwembamba, shika ncha moja, utikise pole pole. Unafuata mkono wako. Ongeza kasi, kuna mahali utafika ufito wenyewe unaanza kupinda katikati na kucheza kivyake, mkono wako unafanya kidogo na wenyewe unafanya kikubwa. Kila shafti inayozunguka ina kasi kama hiyo, ikiifikia inataka kupinda. Shafti fupi ya turbo ya kawaida kasi hiyo iko mbali na inapofanyia kazi, au inaipita na ile filamu ya oili inameza mtetemo. Ukiirefusha, ukaweka katikati yake uzito wa sumaku za mota, ile kasi mbaya inashuka inakuja katikati ya maeneo unayotumia kila siku. Na mota nayo ina masharti yake, nafasi kati ya sumaku na koili lazima iwe ndogo sana ndo ivute vizuri, kwa hiyo shafti hairuhusiwi kucheza kama ile niliyoishika Ilala. Mizunguko 125,000 kwa dakika, ndo kikomo cha sheria, ni zaidi ya 2,000 kwa sekunde moja. Sema tu neno "beringi", limeisha kutamkwa, shafti ishazunguka zaidi ya mara elfu moja.

Halafu joto. Upande mmoja wa hiyo shafti kuna moshi unaokaribia nyuzi 1,000, upande wa pili kuna hewa unayotaka iwe baridi, na katikati umeweka sumaku, kitu ambacho kikipashwa moto kinapoteza nguvu, na waya za koili zenye vanishi ambayo nayo haipendi moto. Kwa hiyo lazima uipoze. Oili, maji, mabomba, pampu, sensa za joto, kebo za volti kubwa, boksi la elektroniki la kuigeuza mota iwe jenereta na kurudi kuwa mota mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja wa kiwanja, na hilo boksi nalo linapoozwa. Vyote hivi vimekuja kwa sababu ya ile sekunde moja na ile nguvu iliyokuwa inamwagwa na wesigeti. Na kila kimoja kikifa, turbo inakufa, na turbo ikifa injini imekufa, na injini ikifa unarudishwa nyuma kwenye mstari mbio inayofuata. Ubaya wa ugumu wa mashine mimi nauona hapo kuliko kwenye idadi ya vipuri. Semi ina vipuri vingi kuliko pikapu na inatembea miaka 30. Tatizo ni vipuri vinapofungwa kamba moja, kimoja hakiwezi kuanguka peke yake.

2017 iliisha na pointi 30, nafasi ya 9 tena. Septemba ndoa ikavunjika, McLaren wakaenda Renault, Honda wakachukuliwa na Toro Rosso, timu ndogo.

Na dawa ilitoka wapi? Hili ndo linanifurahisha kuliko yote kwenye kisa hiki. Honda wana kitengo kinachotengeneza injini za ile ndege yao ndogo, HondaJet. Watu wa injini za ndege maisha yao yote wanashughulika na shafti ndefu zinazozunguka kwa kasi ya kutisha kwenye joto, wanajua inapinda wapi na unaishikilia wapi isipinde. Wahandisi wa F1 wakaenda kuwaomba msaada. Yaani jibu lilikuwa ndani ya nyumba moja, idara ya jirani, na miaka ilishapita wanahangaika. Nimefanya kazi kwenye ofisi kubwa najua hili linavyotokea, mtu mwenye jibu yuko ghorofa ya juu na hakuna aliyemuuliza kwa sababu kazi yake ina jina jingine.

Haikutibu kwa siku moja. Australia 2018, mbio ya kwanza ya msimu, Pierre Gasly wa Toro Rosso akatolewa na nani, MGU-H. Wiki mbili baadae Bahrain wakaja na MGU-H na turbo nyingine kwenye gari zote mbili, na Gasly huyohuyo akamaliza wa 4, matokeo bora kuliko yote ambayo Honda walikuwa wamepata tangu warudi. Kwenye timu ndogo. Bahrain ileile ambako mwaka mmoja nyuma zilikuwa zinakufa. Red Bull wakaona, 2019 wakaichukua hiyo injini, Austria tarehe 30 Juni Max Verstappen akashinda, ushindi wa kwanza wa Honda tangu 2006. Na Desemba 2021 Abu Dhabi akawa bingwa wa dunia nayo.

Kwa hiyo mtu anaweza kuniambia mbona waliweza, ugumu si walishinda. Ndiyo, waliweza. Kampuni yenye kiwanda cha injini za ndege, mashine za kupimia zisizohesabika na wahandisi mamia iliweza, baada ya miaka mitatu ya aibu mbele ya dunia nzima. Na angalia walichofanya wenye mchezo baada ya hapo. Agosti 2022 FIA, shirikisho linalosimamia Formula 1, wakapitisha sheria za injini za 2026 na MGU-H wakaitoa kabisa. MGU-K ikapandishwa kutoka kilowati 120 mpaka 350, ile ya kwenye turbo haipo tena. Siku chache baadae Audi wakatangaza wanaingia, na Honda wenyewe waliokuwa wameshaaga wakatangaza 2023 kuwa wanarudi na Aston Martin. Kampuni mpya hazikuwa tayari kupita kwenye lile tanuru walilopita Honda ili kufika pale ambapo wenzao wana zaidi ya miaka kumi ya ujuzi. Mimi niliumia kuiona inaondoka lakini ningekuwa kwenye ile meza ningepiga kura hivohivo.

Sasa huku barabarani mambo yanakwenda upande mwingine, yanaongezeka. Na huku watengenezaji wamepita njia tofauti, tofauti yake ni kubwa kwa mtu atakayeimiliki gari.

Audi SQ7 ya 2016, dizeli V8 ya lita 4, ina turbo mbili za kawaida za moshi, na pembeni kabisa wameweka kompresa ya umeme, kilowati 7, inafika mizunguko 70,000 ndani ya robo sekunde, kwa mfumo wa volti 48. Haiko kwenye moshi. Iko upande wa hewa, baada ya intakula (kile kipozeo cha hewa), mbali na joto, na hewa ina njia ya kupita pembeni yake wakati haihitajiki. Shafti yake fupi, yake peke yake. Inaziba ule ukimya wa mwanzo halafu inakaa pembeni turbo za kawaida zinaendelea na kazi. Kama ningekuwa nachora gari ya watu ningechora hivi. Haivuni umeme kutoka kwenye moshi, sawa, lakini joto la turbo na umeme haviko nyumba moja.

Mercedes-AMG 2022 kwenye SL 43 wao wakaleta ile ya F1 kabisa, mota nyembamba ya sentimita 4 hivi kwenye shafti ya turbo yenyewe, katikati ya kifeni cha moshi na cha hewa, na kwenye C 43 inafika mpaka mizunguko 175,000. Ikaja na C 63 S, silinda 4 ya lita 2 mahali palipokuwa na V8, turbo yake ya volti 400, mota ya umeme nyuma, jumla farasi 680 na gari ikavuka kilo 2,100. Namba zinatisha kwa uzuri. Wateja wengi wa gari hiyo hawakuipokea, walikuwa wanataka ile V8. Porsche nao 2024 kwenye 911 GTS wametoa turbo mbili wakaweka moja ya umeme, volti 400, hakuna wesigeti kabisa, mota inabana na kuvuna kama MGU-H, na gari imeongezeka kilo 50 hivi tu. Hii ya Porsche naisifu kuliko ya AMG, maana walau kuna kitu walikitoa walipoweka kipya.

Na kuna ile Mercedes-AMG One, wao waliamua waichukue injini ya F1 nzima nzima na MGU-H yake waiweke namba za barabarani. Waliitangaza 2017, wateja wakaanza kukabidhiwa miaka mitano na zaidi baadae. Kilichowachelewesha ni vitu vya kila siku, sailensa tu, yaani mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama, injini ya F1 inatulia kwenye 5,000 hivi kwa dakika, ya barabarani ikabidi ishuke 1,200 na moshi wake upite sheria za hewa. Na kampuni yenyewe ilisema mwanzoni kwamba injini itahitaji kufunguliwa ikifika kilomita 50,000. Hapa kwetu kilomita 50,000 dereva wa teksi anamaliza kabla mwaka haujaisha.

Mwenye gari mpya Ulaya hana wasiwasi, ana waranti. Nayemuwaza mimi ni mtu wa pili na wa tatu. Kenya gari ya mtumba isizidi miaka 8, huku Bongo ikizidi hapo unalipia uchakavu lakini inaingia. Kwa hiyo hizi za 2022 na 2024 ziko njiani kuja kwetu, zitatua bandarini na turbo zenye sumaku ndani na, kwenye zile za volti 400, kebo za rangi ya chungwa zinazoua mtu, na bei zitakuwa zinavutia sana kwa sababu hiyohiyo. Ukiiona moja, kabla ya rangi na viti vya ngozi uliza turbo yake mota iko wapi, upande wa hewa peke yake au kwenye shafti ya moshi, na uliza nani hapa mjini ana mashine ya daiagnosisi inayoisoma na amesomea volti kubwa.

Siku ile pale gereji nilimuonesha fundi picha ya hiyo turbo kwenye simu, iliyokatwa katikati inaonekana ndani. Akafuta mikono kwenye suruali, akaipanua picha kwa vidole mpaka pale katikati kwenye sumaku na koili, akaiangalia muda mrefu.

"Hapa nikifungua, rota nikirudisha haijabalansi, itazunguka siku ngapi?"

Nikamwambia kaka hiyo hairudishwi, inabadilishwa nzima.

Akanirudishia simu. Akachukua bomba jembamba linaloleta oili kwenye turbo ya pikapu, akalipuliza na kompresa ya hewa, vikatoka vipande vyeusi vya oili iliyoungua vikatapakaa kwenye gunia. Ndo vilivyokuwa vimeua zile beringi. Akaweka katriji mpya, yaani shafti na beringi zake zikiwa zimeshaunganishwa, akafunga bomba, akazungusha injini bila kuiwasha mpaka oili ikafika kwanza, halafu akaiwasha. Saa kumi na mbili jioni pikapu ikatoka pale na moshi wa bluu umekata.